Kusafirisha chakula cha pakiti kwa meli kutoka Dar es Salaam hadi Marekani: mwongozo kamili

Mwenye kiwanda kidogo cha unga au viungo akipata mnunuzi Marekani, jambo la kwanza analouliza ni nauli ya kontena. Nauli isubiri kwanza. Chakula kikavu kilichofungwa vizuri kinaistahimili bahari. Kinachokikwamisha ni lebo isiyokubalika, unga uliofungwa kabla haujakauka, na karatasi zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye rafu ya duka kule kinakokwenda, tunarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ghalani kwako. Mfano wetu ni kontena moja la futi 20 lenye unga wa muhogo, viungo vya pilau, korosho za kukaanga, chai na pilipili ya chupa. Anayepeleka Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu atafuata njia hiyohiyo, panapotofautiana nitasema.

1. Chuja bidhaa kabla ya kuahidi

Usikubali oda nzima kwa mpigo. Ipitie bidhaa moja moja.

Chai, kahawa iliyokaangwa, viungo vya kusaga, unga na korosho ni salama kuanzia. Nyama kavu, kuku, maziwa ya unga na mayai viache kabisa, hata vikiwa viungo tu ndani ya bidhaa nyingine. Pakiti ya tambi yenye unga wa supu ya ng'ombe inaweza kuzuiwa kwa sababu ya kile kifuko kidogo. Dagaa wanawezekana, lakini mchakataji lazima awe na mpango wa HACCP wa samaki, yaani wa kubaini na kudhibiti hatari za chakula, na kwa Umoja wa Ulaya kiwanda chenyewe kiwe kimeidhinishwa. Si bidhaa ya kuanzia.

Pilipili ya chupa inataka vipimo viwili vya maabara: uchachu (pH) na maji huru ndani ya chakula (aw). Chakula chenye pH iliyozidi 4.6 na aw iliyozidi 0.85, kikifungwa bila kuingiza hewa, kinaweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulinamu. Sosi iliyotengenezwa kwa mboga zilizotiwa siki hadi pH ikashuka kufika 4.6 au chini yake nayo ina utaratibu wake Marekani: kiwanda kinasajiliwa kwa namba ya pekee na mchakato wa kila sosi unawasilishwa kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko. Mzigo wa chupa usio na namba hizo hurudishwa au kuharibiwa, hata kama sosi ni nzuri namna gani. Kama kontena lako la kwanza lina haraka, chupa zisubiri la pili.

Karanga, siagi ya karanga na unga wa lishe wenye karanga au mahindi pima sumukuvu (aflatoksini), kila kundi la uzalishaji. Marekani inachukua hatua ikizidi mikrogramu 20 kwa kilo. Ulaya ni kali zaidi: kwa karanga zinazoliwa moja kwa moja, jumla isizidi 4, na aina ya B1 peke yake isizidi 2. Karanga zinazouzika halali Kariakoo zinaweza kukataliwa Rotterdam. Unga wa muhogo pima sianidi. Kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 10 kwa kilo.

2. Usajili wa FDA na kazi ya mwagizaji

Kiwanda kinachozalisha, kufungasha au kuhifadhi chakula kinachokwenda Marekani kinasajiliwa FDA. Usajili wenyewe ni bure, tena unafanyika mtandaoni. Utakachohitaji ni wakala anayeishi Marekani wa kupokea mawasiliano, na huyo anaweza kuwa mnunuzi wako. Utahitaji pia namba ya utambulisho wa kiwanda, na inayotumika ni ya DUNS, namba ya kimataifa ya kutambulisha biashara. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka miwili, kati ya Oktoba 1 na Desemba 31 ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Aliyejisajili Machi 2026 atauhuisha Oktoba hadi Desemba mwaka huohuo. Wengi hupitiwa hapo, wakajua usajili umekufa meli ikiwa imeshaondoka.

Usikubali kuuziwa "cheti cha FDA". FDA haitoi cheti cha kupamba ukutani. Usajili ni namba tu, na si kibali cha ubora.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Chini ya sheria ya usalama wa chakula ya mwaka 2011, mwagizaji aliyeko Marekani lazima awe na mpango wa kuthibitisha wasambazaji wake wa nje. Atakuuliza hatari za bidhaa yako, unavyozidhibiti, na vipimo vya maabara. Muulize mapema: "Mpango huo unao, na ni nani ameuandaa?" Akijibu kwamba hajawahi kuusikia, mzigo haujawa tayari kuondoka, hata kama ameshalipa kianzio.

3. Lebo

Kabla hujachapa hata stika moja, tuma mchoro wa lebo kwa mnunuzi na umwombe aukubali kwa maandishi. Filamu za kufungashia huchapwa kwa maelfu, na lebo iliyokosewa ndiyo hasara inayouma kuliko zote, kwa sababu chakula ni kizima lakini hakiuziki.

Marekani wanataka jina la bidhaa kwa Kiingereza, uzito halisi kwa gramu na pia kwa aunsi au ratili, viungo kuanzia kilicho kingi, jedwali la virutubisho kwa muundo wao, jina na anwani ya mzalishaji au msambazaji, na nchi ilikotoka. Vyakula vinavyodhuru wenye mzio ni tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti, karanga, ngano, soya na ufuta. Ufuta uliongezwa rasmi Januari 1, 2023, kwa hiyo lebo za zamani za kashata au halua zikaguliwe upya. Korosho zako ni njugu za miti, na lazima zitajwe kwa jina. Na kama viungo vya pilau vinasagwa kwenye mashine ileile inayosaga karanga, hilo ni suala la usafi wa kiwanda kwanza, lebo baadaye.

Tazama tarehe kwa karibu. Pakiti ikigongwa 05/06/2027, wewe unasoma Juni 5. Mmarekani anasoma Mei 6. Andika mwezi kwa herufi: 05 JUN 2027. Igonge mahali pakavu pasipo na mafuta, kwa wino usiofutika kwa kidole, pamoja na namba ya kundi la uzalishaji. Likitokea tatizo, namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kurudisha katoni arobaini badala ya kontena zima.

Kwa Uingereza vyakula vya mzio ni 14, navyo vikolezwe ndani ya orodha ya viungo, na lebo iwe na anwani ya mwagizaji aliyeko huko. Nchi za Ghuba zinataka Kiarabu, tarehe ya kuzalishwa na ya kuisha vyote viwili. Muscat utapata wateja wanaoijua korosho ya Mtwara na kuiulizia kwa Kiswahili, lakini afisa wa bandarini Sohar atasoma Kiarabu tu. Msimbo pau wa dukani unapatikana GS1 Tanzania, na namba zake huanza na 620. Kwa Kenya ni 616.

4. Kikauke kwanza, ndipo ukifunge

Kontena ni sanduku la chuma. Mchana juani, yadini au juu ya meli, hewa ya ndani inaweza kupanda hata nyuzi 60. Hewa hiyo ya moto hunyonya unyevu kutoka kwenye katoni, mbao za paleti na bidhaa yenyewe. Usiku chuma kikipoa, au meli ikiingia maji baridi ya kaskazini, unyevu huo hugeuka matone darini na kudondokea mzigo. Mabaharia huita mvua ya kontena, na hunyesha hata kama hakuna tundu. Kwa hiyo maji mengi yatakayoharibu mzigo wako ni yale uliyoyafungia humo mwenyewe siku ya kupakia.

Unga wa muhogo uwe chini ya asilimia 12 ya unyevu, upimwe kwa kifaa, kwani kuusugua kiganjani hakutoshi. Mifuko ya karatasi inafaa duka la mtaani. Kwa safari ya miezi miwili tumia mfuko wa tabaka uliozibwa kwa joto. Viungo, chai na kahawa vinataka mfuko wenye tabaka la alumini, kwa sababu harufu hutoka na harufu huingia. Kahawa iliyokaangwa iwe na kivalvu cha kutoa gesi, la sivyo pakiti huvimba na kupasuka.

Jaribu mishono: chukua pakiti kadhaa za kila zamu, zizamishe kwenye ndoo ya maji, ziminye. Kiputo kikitoka, simamisha mashine. Kinachovujisha mara nyingi ni chembe za unga zilizokamatwa kwenye mshono, na dawa yake ni kupunguza ujazo au kuongeza kipuliza vumbi, maana kupandisha moto hakutasaidia.

Wadudu wasisahaulike. Fukuzi anaweza kusafiri kama yai ndani ya nafaka iliyoonekana safi. Kama mzigo utafukizwa dawa, ifanye kampuni yenye leseni, itoe cheti, na muda wa kupitisha hewa uheshimiwe. Kontena lililofukizwa bila alama ya onyo ni hatari kwa watakaolifungua upande wa pili.

5. Katoni, paleti na hesabu ya nafasi

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Chukua katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 25, yenye pakiti 24 za nusu kilo. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.03, uzito wa chakula kilo 12. Ndani ya futi 20 kuna takriban mita za ujazo 33, lakini katoni zisizolingana na kuta hukuachia kama 28 za kutumia kweli. Ukipanga mkono kwa mkono bila paleti, zinaingia katoni 930 hivi, tani 11 na kidogo. Kontena hilo linabeba zaidi ya tani 20, maana yake nafasi itakuishia kabla ya uzito. Ukipunguza urefu wa katoni kwa sentimita mbili kwa kuondoa hewa iliyobaki juu ya pakiti, umepata nauli ya bure.

Kwa paleti hesabu hubadilika. Paleti ya sentimita 120 kwa 100 inabeba katoni kumi kama hizo kwa tabaka moja bila kubakiza pengo: safu mbili za katoni tatu tatu, na ya tatu ya katoni nne zilizogeuzwa. Tabaka saba juu, katoni 70. Kontena la futi 20 linaingiza paleti kumi, jumla katoni 700. Umepoteza katoni 230, lakini mzigo unashushwa haraka kwa mashine na hauvunjiki. Kwa pakiti laini za unga mimi hupendelea paleti. Kwa chai, ambayo ni nyepesi na bei yake inabanwa na nauli, ni bora kupanga mkono.

Paleti za mbao lazima ziwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, ule wenye alama ya suke, msimbo wa nchi na herufi HT, kuonyesha kwamba mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 kwenye kiini kwa dakika 30. Mbao zisizo na mhuri zinaweza kurudisha kontena zima. Hakikisha pia ni kavu. Paleti mbichi ni tenki la maji chini ya unga wako.

Katoni ya chini kabisa inabeba sita juu yake, kilo 72 na zaidi, kwa wiki nyingi, na kadibodi ikila unyevu hupoteza nguvu nyingi. Agiza katoni za tabaka tano, uzipange kona juu ya kona, kwa sababu nguvu ya katoni iko pembeni.

Kama mzigo haujazi kontena, utachangia na wengine. Hapo hulipwa kwa mita ya ujazo au tani, kile kilicho kikubwa. Kwa chakula mimi ni mwoga wa kuchangia: hujui jirani yako amepakia nini, na chai iliyolala wiki sita karibu na sabuni au matairi haitakuwa chai tena. Ukilazimika, funika paleti yote kwa plastiki, na mwombe msafirishaji akuandikie kuwa hatakuchanganya na kemikali.

6. Bei, malipo na bima

Kubalianeni kwa Incoterms 2020, masharti ya kimataifa ya nani analipa na kubeba nini, mkitaja na bandari. FOB Dar es Salaam maana yake unabeba gharama na hatari hadi mzigo uwe juu ya meli; nauli ni ya mnunuzi. CIF unalipa nauli na bima hadi bandari ya huko, lakini hatari inahama pale pale mzigo unapopakiwa Dar. Anayeanza aanze na FOB.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 kwanza, na 70 mnunuzi akionyeshwa nakala ya hati ya shehena. Hati halisi usiiachie kabla pesa haijaingia. Anayeishika ndiye anayeuchukua mzigo.

Bima: mkataba wa CIF unamlazimu muuzaji kukata kiwango cha chini tu, kundi C, ambacho hakilipi unyevu wala wizi mdogo. Omba kundi A, lile pana kuliko yote, kwa asilimia 110 ya thamani ya CIF. Na usiseme meli haizami. Mwaka 2021 meli ya Ever Given ilipokwama Suez haikuzama, lakini mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja, yaani wenye mizigo wote wachangie gharama za kuiokoa. Asiye na bima hutakiwa kuweka dhamana ya fedha ndipo apewe kontena lake.

7. Karatasi

Andaa ankara ya biashara na orodha ya vifurushi kwanza, kisha kila hati nyingine inakiliwe kutoka humo, neno kwa neno. Jina la mnunuzi, idadi ya katoni, uzito, maelezo ya bidhaa na msimbo wa HS (namba ya forodha ya aina ya bidhaa) vifanane kila mahali. Ankara ikisema "viungo" na cheti kikasema "bizari", afisa ana haki ya kuuliza.

Upande wa Tanzania utahitaji TIN na leseni ya biashara. Usajili wa jengo na bidhaa TBS, ambayo ilichukua kazi ya chakula mwaka 2019. Cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, kwa mazao yanayokihitaji. Cheti cha asili ya bidhaa kutoka TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Na tamko la forodha linaloingizwa na wakala wa forodha mwenye leseni. Mkenya atapita KEPHIS kwa mimea na KRA kwa forodha. Mauzo ya nje yana VAT ya asilimia sifuri, kwa hiyo tunza ushahidi wa kutoka kwa mzigo, uudai VAT uliyolipia vifungashio.

Kwa Marekani kuna mipaka miwili ya muda ya kuangalia. Taarifa za usalama za mwagizaji ziwasilishwe forodha ya huko saa 24 kabla mzigo haujapakiwa kwenye meli iendayo Marekani. Ukichelewesha majina na anwani zako, anayeweza kutozwa dola 5,000 ni mnunuzi. Na taarifa ya awali ya FDA ifike si chini ya saa 8 kabla meli haijafika bandarini. Bila taarifa hiyo chakula hakiruhusiwi kuingia.

8. Siku ya kupakia

Likague kontena kabla dereva hajashuka. Ingia ndani, fungiwa milango, simama gizani dakika moja. Ukiona nukta ya mwanga, likatae. Vuta pumzi: likinuka samaki, rangi au dawa, likatae. Pitisha mkono sakafuni kutafuta mafuta. Una haki ya kuomba jingine, na kampuni za meli zinajua kuna makontena ya daraja la chakula. Liandike hitaji hilo tangu unapoweka nafasi.

Usipakie mvua ikinyesha. Tandika karatasi nzito sakafuni, ning'iniza mikanda ya kufyonza unyevu kwenye mifereji ya ukuta, ziba mapengo kwa mifuko ya hewa, na acha nafasi kati ya mzigo na dari. Piga picha: kontena tupu, nusu, limejaa, mlango mmoja umefungwa, kisha lakiri na namba yake. Uzito uliothibitishwa wa kontena lililojaa ni wajibu wako kama mpakiaji tangu Julai 1, 2016. Bila huo halipandi meli.

9. Baharini, na baada ya kufika

Kontena la Dar kwenda Marekani kwa kawaida hubadilisha meli njiani, na kila kubadilisha ni wiki inayoweza kuongezeka. Tangu meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari za Ulaya ziliongezeka siku kumi hadi kumi na nne. Mimi hupanga siku 75, ghala hadi ghala. Bidhaa yenye maisha ya miezi sita usiipeleke. Ya miezi 12 ipakie ikiwa na wiki zake za kwanza.

Tuma karatasi kwa mnunuzi meli ikiwa bado mbali. Siku za bure bandarini ni chache, na zikiisha, tozo za kila siku hula faida ya korosho zote.

Mwambie akague lakiri kabla ya kuikata na apige picha milango ikifunguliwa. Uharibifu usioonekana kwa nje uripotiwe kwa kampuni ya meli kwa maandishi ndani ya siku tatu za kupokea, na bima siku hiyohiyo; kudai mahakamani kuna mwisho wa mwaka mmoja. Wewe huku tunza sampuli za kila kundi, kwenye kabati kavu, mpaka tarehe iliyogongwa kwenye pakiti ipite.